Usiuze Sanduku la Santuri Bila Kulifungua



Tangu mwaka wa masomo uanze, wamama watatu wa chama chetu wametuletea swali moja: santuri za zamani alizoacha mzee nyumbani, zile ambazo vijana wanaita disiki, zina bei gani? Mmoja anazo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Wa pili alizikuta kwa shangazi yake aliyefariki, zimefungwa katika kitenge. Wa tatu hana kitu tena cha kutuonyesha. Alikuja kwake mtu anayezunguka katika kartie akinunua vyuma, betri zilizokufa na vitu vya zamani. Akafungua sanduku, akageuza santuri mbili tatu, akasema: "Mama, hii ni plastiki ya zamani tu, lakini nitakusaidia." Santuri zilikuwa zaidi ya hamsini. Alilipa bei ya mfuko mmoja wa makala kwa zote. Mama huyo ni mjane, na watoto wake wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya malipo ya shule. Alipokea.

Hatumlaumu hata kidogo. Mtoto akiwa amekaa nyumbani huku wenzake wanasoma, mama hana nafasi ya kufanya utafiti. Tunachosema ni hiki: mtu auze akijua anachouza. Katika mji wetu, vitu vya zamani vilivyobaki ni vichache. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kuchoma nyumba na vyote vilivyokuwamo. Mei 2021 Nyiragongo ilitoka tena. Kati ya hapo na baada ya hapo watu wamekimbia mara nyingi, na mtu anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Santuri iliyopona yote hayo inastahili dakika kumi za macho yako kabla haijatoka mlangoni.

Juma hili tunaeleza jinsi ya kuitazama. Huhitaji chombo cha kupigia. Unahitaji dirisha lenye mwanga, kitambaa laini, daftari na kalamu.

Jazi ya nyumbani kwetu

Kwanza tuelewane juu ya neno. Ukiona "Jazz" kwenye santuri ya baba, usitafute lazima muziki wa Wamarekani. Katika miaka ya 1950, jazi kwetu ilikuwa jina la bendi ya kisasa, yenye magitaa na tarumbeta. Joseph Kabasele aliunda African Jazz huko Léopoldville mwaka 1953. OK Jazz ya Franco na wenzake ilianza mwaka 1956, na ilipata jina kwenye baa waliyopigia. Muziki wenyewe ulikuwa rumba. Ndugu zetu wa Tanzania walifanya vilevile: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz. Jazi ya Marekani nayo ilifika: Louis Armstrong mwenyewe alipiga tarumbeta Léopoldville mwezi wa Oktoba 1960, miezi michache tu baada ya uhuru. Lakini ndani ya sanduku la mzee wa Goma, kwa kawaida, utakuta rumba.

Wanunuzi wa mbali wanatafuta rumba hiyo hasa. Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Hata kabla ya hapo, makampuni ya Ulaya na Marekani yalikuwa yakichapa upya nyimbo za zamani za Afrika, na watu wanaokusanya santuri walikuwa wakitafuta zile za kwanza.

Kwanza, ni aina gani?

Kuna aina tatu, na mkono wako peke yake unaweza kuzitofautisha.

Ya kwanza ni ile nzito, ngumu, yenye upana wa sentimita 25 hivi, wimbo mmoja kila upande. Inazunguka mara 78 kwa dakika, na wimbo hauzidi sana dakika tatu. Haikutengenezwa kwa plastiki ya leo. Imetengenezwa kwa utomvu wa mdudu mdogo wa Asia uliochanganywa na unga wa mawe. Ikianguka inavunjika kama sahani ya udongo. Hizi ndizo za miaka ya 1940 na 1950, na karibu na mwaka 1960 zilianza kutoweka. Kwa kuwa zinavunjika haraka, zilizobaki nzima ni chache.

Ya pili ni ndogo, sentimita 17 na nusu, nyepesi, inapinda kidogo. Hiyo ni ya mizunguko 45. Katika miaka ya 1960 na 1970 ndiyo iliyochezwa zaidi katika baa na kwenye sikukuu.

Ya tatu ni pana, sentimita 30, ya mizunguko 33, yenye nyimbo kadhaa kila upande na ganda la picha.

Zitenganishe mafungu matatu. Zile nzito usizipange chini ya nyingine wala juu ya nyingine. Zisimamishe kama vitabu.

Soma karatasi ya katikati

Karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ni kitambulisho cha santuri. Andika katika daftari kila kitu kilichoandikwa pale: jina la bendi, jina la wimbo, jina la kampuni, namba, na jina la mtunzi. Andika kama lilivyo, hata kama tahajia ni mbaya. Mnunuzi wa kweli atakuuliza namba kabla ya kukuuliza jina la wimbo.

Majina ya kampuni yanasema mengi. Ngoma ilianzishwa Léopoldville mwaka 1948 na Mgiriki Nicolas Jéronimidis, na mwaka huohuo ilitoa "Marie-Louise" ya Wendo Kolosoyi na Henri Bowane. Opika ilirekodi African Jazz. Loningisa, iliyoanza mnamo 1950, ilirekodi OK Jazz ya mwanzo. Kisha ilikuja Esengo. Ukiona mojawapo ya majina hayo manne kwenye santuri nzito ya mizunguko 78, iweke pembeni, uifunge vizuri.

Kisha tazama majina ya mahali na ya watu, kwa sababu historia yetu ya kubadili majina inatusaidia hapa. Mji wa Léopoldville uliitwa Kinshasa tangu 1966, na Elisabethville ikawa Lubumbashi. Nchi iliitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya uhalisi, watu waliacha majina ya Kizungu: Rochereau akaandikwa Tabu Ley, Franco akaandikwa Luambo Makiadi. Kwa hiyo santuri yenye "Léopoldville" ni ya kabla au ya karibu na 1966, na yenye "Zaïre" si ya kabla ya mwisho wa 1971. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kufanya kazi hii. Mpe daftari, atafurahi, na atajifunza historia ya nchi yake bila kujua kwamba anasoma.

Lakini kuna mtego. Nyimbo za miaka ya 1950 na 1960 zilichapwa tena baadaye, hasa Ulaya, kwenye santuri pana. Wimbo ni wa zamani, santuri ni ya juzi. Tafuta kwenye ganda alama ya herufi P ndani ya duara ikifuatwa na mwaka. Tafuta pia mistari myeusi ya mashine za maduka: haikuwepo kwenye maganda ya miaka ya 1950 na 1960. Kisha tazama sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na karatasi. Pale kuna namba zilizochongwa. Ziandike pia, kwa sababu ndizo zinazosema santuri ilitoka katika chapa gani. Chapa ya kwanza na chapa ya kurudia zinaweza kuwa na wimbo uleule na bei zilizo mbali sana.

Usidharau pia zilizotoka mashariki. Nairobi ilichapa santuri nyingi za muziki wa Kongo na za bendi za Tanzania. Katika miaka ya 1980, Samba Mapangala alikuwa huko na bendi yake iliyobeba jina la Virunga yetu. Vilevile kuna nyimbo za Kiswahili za Katanga, kama zile za Jean Bosco Mwenda, ambaye "Masanga" yake ilirekodiwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Wajukuu wanaosema kwamba muziki wa zamani wote ni Kilingala, wasikilizishe hizo.

Pima hali yake

Hapa ndipo bei inapopanda au kuanguka. Shika santuri kwa ukingo, vidole visiguse mifereji. Isogeze kwenye dirisha, uiinamishe polepole ili mwanga uteleze juu yake. Mwanga wa jua la pembeni unaonyesha kile ambacho taa ya dari inaficha.

Mifereji ikingʼaa nyeusi, ni dalili njema. Ikiwa ya kijivu na imefifia, imechezwa sana au imechezwa kwa sindano iliyochakaa. Mikwaruzo midogo kama nywele ni kawaida, hasa hapa kwetu, ambako vumbi jeusi la volkeno linaingia hadi ndani ya kabati na linakata kama msasa. Mkwaruzo ukiuona, pitisha ncha ya ukucha juu yake taratibu. Ukucha usipohisi kitu, huenda usisikike katika muziki. Ukucha ukikwama, utasikika: tik, tik, tik, na pengine sindano itaruka.

Tazama tundu la katikati. Mistari mingi kuizunguka kwenye karatasi inaonyesha kwamba santuri iliwekwa na kuondolewa mara nyingi. Tazama ukingo: umemegeka? Kwenye santuri nzito tafuta ufa mwembamba. Mwishowe ilaze juu ya kioo au meza iliyonyooka, uinamishe kichwa hadi macho yawe sawa na meza. Ikiwa imejikunja kama chapati iliyokauka, ilikaa karibu na moto au chini ya mabati yenye jua.

Ganda nalo lipime peke yake. Limechanika? Limelowa? Lina ukungu? Kuna jina la mtu limeandikwa kwa kalamu? Jina la mwenyewe linashusha bei kidogo kwa mkusanyaji. Kwa familia, mwandiko wa baba juu ya ganda unaweza kuwa ndiyo sababu ya kutoiuza.

Jambo moja kubwa: usiijaribu santuri nyepesi kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Sindano yake ya chuma ni nzito, na kucheza mara moja tu kunaweza kuharibu mifereji. Na chombo cha kisasa kinahitaji sindano nyingine, pana zaidi, kwa zile za mizunguko 78.

Hesabu ya wanunuzi

Wakusanyaji wa dunia nzima wana ngazi ya kupimia, na wanaiandika kwa herufi. M ni mpya kabisa, haijawahi kuchezwa. NM ni karibu mpya. VG+ imechezwa lakini imetunzwa. VG ina mikwaruzo inayosikika kidogo. G inacheza hadi mwisho, lakini kelele ni nyingi. P imeharibika.

Angalieni herufi G. Neno lake la Kiingereza lina maana ya "nzuri", lakini katika ngazi hiyo iko karibu na chini kabisa. Mtu akikuandikia kwenye simu kwamba santuri yako ni G, usishukuru haraka. Amesema imechakaa.

Sasa tufanye hesabu kama darasani. Katika kanuni inayojulikana sana, VG+ inapata nusu ya bei ya NM, VG inapata robo, na G inapata kati ya asilimia 10 na 15. Tuseme santuri fulani ikiwa karibu mpya inauzwa dola 40. Huu ni mfano wa hesabu tu, si bei ya santuri yako. Ikiwa VG+ itakuwa dola 20. Ikiwa VG, dola 10. Ikiwa G, dola 4 hadi 6. Wimbo uleule, kampuni ileile, lakini mkwaruzo mmoja mrefu umekula dola 30. Ndiyo maana mnunuzi mwerevu anashika santuri na kusikitika kwa sauti kubwa: "Aah, mama, imechakaa hii." Ukiwa umeipima mwenyewe kabla hajafika, huzuni yake haitakusumbua.

Tuwaambie ukweli mwingine pia, ili mtu asijenge nyumba kwa pesa ambayo haijaingia. Santuri nyingi hazina bei kubwa. Uzee peke yake haufanyi bei, na umaarufu peke yake haufanyi bei. Santuri pana ya Franco ya miaka ya 1980 inaweza kuwa tamu kuliko zote, lakini ilichapwa kwa wingi, na wengi wanayo. Kinachotafutwa ni kile kilichochapwa kidogo na kikabaki kizima. Ndiyo sababu wakati mwingine bendi ambayo hukuwahi kusikia jina lake inashinda bendi kubwa.

Siku ya kuuza

Ukiamua kuuza, fanya hivi. Piga picha pande zote mbili za kila santuri, na ganda lake. Picha ndiyo itembee, santuri ibaki nyumbani. Waonyeshe watu watatu wasiofahamiana, na usitaje bei wa kwanza. Ndugu aliye Kampala, Nairobi au Brussels anaweza kukuulizia huko bila wewe kulipa kitu.

Usikubali kuuza sanduku zima kwa bei moja kabla ya kuandika orodha. Usikubali pia mnunuzi achague tano bora akuachie takataka kwa kisingizio kwamba atarudi. Kama anazitaka zile tano, ataje bei ya kila moja, uandike mbele yake. Kaa na mtu wa pili: dada, jirani, au mmoja wa wenzako wa likelemba. Na kama santuri ni za familia, zungumza kwanza na watoto wakubwa na ndugu za marehemu. Tumeona ugomvi wa urithi ukianza kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Mtu akisema anataka tu kunakili muziki, jua tofauti hii: kuwa na santuri si kuwa na wimbo. Wimbo una mtunzi na warithi wake. Unaweza kumruhusu mtu asikilize na anakili kwa ajili ya kumbukumbu, lakini usiweke sahihi karatasi inayosema unamuuzia haki za muziki. Huna haki hizo, na yeye anajua.

Kuzitunza zinapongoja

Zisimamishe wima, mbali na jua, mbali na jiko na mbali na sakafu inayolowa wakati wa mvua. Nyumba zetu za mbao hupitisha unyevu wa ziwa na vumbi la barabara, kwa hiyo kitambaa kilichofunika sanduku ni bora kuliko rafu ya wazi.

Zile nyepesi unaweza kuziosha: maji safi ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya maji, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji. Usikate mifereji kwa kupangusa kutoka katikati kwenda nje. Usiloweshe karatasi ya katikati. Suuza, kausha kivulini. Zile nzito za mizunguko 78 zipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, uzikaushe mara moja, na usitumie kamwe alkoli. Alkoli inayeyusha utomvu uliozitengeneza. Ganda lenye ukungu litenge na mengine.

Zile ambazo tunawaomba mfikirie mara mbili

Kabla ya kufunga orodha yako, tafuta sauti za wanawake. Katika santuri za miaka ya 1950 si nyingi, kwa sababu studio zilikuwa mahali pa wanaume, na msichana aliyeimba alisemwa vibaya. Lucie Eyenga aliimba hata hivyo. Baadaye alikuja Abeti Masikini, mtoto wa Kisangani, aliyeimba Olympia ya Paris mwaka 1973 na Carnegie Hall ya New York mwaka 1974. MʼPongo Love, aliyeugua polio utotoni, alisimama jukwaani na kuimba. Mbilia Bel alitikisa nchi na "Eswi yo wapi". Binti zetu wanawajua waimbaji wa simu. Wengi hawajui kwamba njia hiyo ilifunguliwa na wamama hawa.

Hatusemi msiuze. Ada ya shule ya mtoto aliye hai inapita kumbukumbu ya mzee aliyelala, na mzee mwenyewe angesema hivyo. Tunasema: kabla santuri haijaondoka, itazame, iandike, ipige picha. Mkipata chombo kinachofanya kazi, isikilizeni mara moja pamoja na watoto, na simu irekodi. Muulize bibi alicheza wimbo huo wapi, na nani. Mambo hayo hayakuandikwa kwenye karatasi ya katikati, na mnunuzi hatayauliza.

Wale walio na sanduku na hawana mtu wa kuwasaidia kusoma namba, walete daftari na picha kwenye mkutano wa chama. Santuri zenyewe ziacheni nyumbani: kwenye moto (pikipiki) na barabara zetu za mawe, zile nzito hazitafika nzima.